Kumtambua Mola katika tope, maji na mchanga wa Lamu: karibuni tuzungumze

Mwanamikoko (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wana jukwaa. Shikamuu kwa wakubwa, na majirani zetu Wakristo nao nawasalimu kwa heshima.

Jioni yoyote ya kaskazi, panda mashua kwenye mkondo kati ya Amu, yaani Lamu, na kisiwa cha Manda. Jua linakuchwa, simu ziko juu, "Subhanallah" inatoka kila upande. Ni dhikri, na dhikri haidharauliwi. Lakini naona kazi yote tumeyaachia macho. Qur'ani inapotaja mbingu, mawingu, nyuki na merikebu, mara nyingi humalizia kwa kusema kwamba humo mna ishara kwa watu wanaofikiri. Na kufikiri kunataka ukijue kile unachokitazama. Kazi yangu ni mikoko, na nasema wazi: nimemtambua Mungu kwenye tope linalonuka kuliko nilivyomtambua kwenye machweo.

Tuanze na hilo tope basi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii yetu. Anayepita na boti huona ukuta mmoja wa kijani. Ingia ndani maji yakipwa, utaona kila mti umepewa njia yake ya kuishi mahali ambapo mwembe haungeona wiki ya pili. Mkoko wenyewe huizuia chumvi mizizini isipande. Mchu huiacha sehemu yake ipande, kisha huitoa kwenye majani. Ramba jani la mchu uone. Tope halina hewa, kwa hiyo mchu umetoa vijiti vya mizizi vinavyochomoza juu ya tope kuvuta pumzi. Mlilana umepangwa mbele kabisa, unakabiliana na bahari, na maua yake hufunguka usiku. Popo na nondo ndio wageni wake. Kukicha yameshaanguka.

Na mbegu ya mkoko! Hapo ndipo moyo wangu husimama. Haianguki ikiwa mbegu. Humea ikiwa bado juu ya mama yake, ikarefuka ikawa mche wa kijani unaoning'inia kwa miezi, na siku ya kuanguka iko tayari. Ikikuta tope hujikita papo hapo, ikikuta maji huelea mpaka ipate ufuo. Mahali ambapo mbegu changa ingezolewa na maji au kuuawa na chumvi, mti umefundishwa kulea kwanza, kuachilia baadaye. Umefundishwa na nani? Jibu ninalo, wala sioni haya kulisema.

Nasi tunalala chini ya miti hiyo hiyo. Vyumba vya nyumba zetu za zamani vina upana wa karibu mita 3 tu, kwa kuwa boriti haifiki mbali zaidi. Mti ndio uliotupimia nyumba.

Jingine, halafu niwaachie. Vile vilima vya mchanga vya Shela. Wageni huvipanda kwenda kupiga picha, na wengi hawajui kwamba maji ya kunywa ya mji wa Amu yanatoka chini yake. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Hakuna ukuta wa mawe kati yake. Nikifika kwenye Surat al-Furqan, pale zinapotajwa bahari mbili, moja tamu na moja ya chumvi kali, na kizuizi baina yake, fikira zangu huenda kwenye visima vya Shela. Sisemi aya ilishuka kwa ajili ya Shela. Nasema imenifundisha kutazama.

Lakini ukivuta maji kupita kiasi, au ukiuchota ule mchanga kwenda kujengea, chumvi hupanda. Kizuizi amekiweka Mola, na tamaa yetu inaweza kukitoboa. Ndiyo maana simwelewi mtu anayetokwa machozi kwa uzuri wa maumbile huku punda wake wakishusha mchanga wa Shela uani kwake.

Swali langu kwenu: huko uliko, ni kiumbe gani au jambo gani lililokufanya umtambue Mola? Leteni kitu mnachokijua kwa mikono yenu.

Nahodha Mstaafu

Aleikum salaam mwanangu. Umeeleza vizuri, Mungu akuzidishie.

Mimi nitasema pepo na nyota. Tulisafiri bila mashine. Kusi likishika, baada ya Aprili, mwenye akili huvuta chombo pwani akakipaka sifa, yale mafuta ya papa, akangoja. Kaskazi likirudi mwisho wa mwaka, bahari hulegea. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi vikarudi na kusi, karne kwa karne, na hakuna sultani aliyewahi kuuamuru upepo hata siku moja.

Kuna kundi la nyota liitwalo Kilimia. Wazee wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa Mei hukioni, kimemezwa na mwanga wa jua. Halafu Juni, alfajiri, uko kwenye usukani na baridi ya kusi, unakiona mashariki kimerudi mahali pake. Surat an-Nahl imetaja kwamba kwa nyota watu hujiongoza. Nilikuwa naijua aya hiyo tangu chuo cha Qur'ani, lakini niliielewa baharini: kwamba mimi ni mdogo namna hii, na bado nimewekewa alama za kunirudisha kwa watoto wangu.

Vijana leo wana vifaa vya setilaiti. Si vibaya. Ila inueni macho pia.

Mwalimu wa Mida

Bwana asifiwe, na asante kwa kutukaribisha. Niko huku upande wa Malindi, karibu na hori ya Mida.

Huku kwetu bundi akilia juu ya paa, watu husema kuna msiba unakuja. Sasa, ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke anaishi bundi mdogo sana, uzito wake gramu 50 hivi, anatosha kwenye kiganja. Anaishi katika misitu ya huku kwetu, na ile ya Usambara huko Tanzania, basi. Wataalamu wa ndege hawakumwandika vitabuni mpaka miaka ya 1960. Miaka yote kabla ya hapo alikuwa akiwinda wadudu wake usiku, akilea makinda, bila jina kwenye kitabu cha mtu yeyote. Nikisoma Zaburi ya 104, jinsi Mungu anavyowapa chakula viumbe wa msituni usiku mwanadamu akiwa amelala, namwona huyo. Ni Zaburi inayowataja wanyama ambao hawatufai kwa lolote, hatuwali, hatuwafugi. Mungu ana shughuli nao ambayo haituhusu. Mimi jambo hilo linaninyenyekeza kuliko radi.

Msitu wenyewe umebaki kilomita za mraba 420 hivi. Kulikuwa na wakati wakulima wengi wa pembeni walitaka ukatwe wapate mashamba, na siwalaumu, njaa ni njaa. Tangu 1993 pale Gede kuna mradi wa Kipepeo: wenyeji wanalea viwavi mpaka wajifunge kuwa pupa, wanauza hizo pupa zikapelekwa nje kwenye maonyesho ya vipepeo. Mtu anayelisha watoto wake kwa kipepeo hahitaji mahubiri marefu juu ya msitu.

Mjukuu wa Kaya

Nawasalimu wote. Mimi ni Mgiriama wa Malindi, na nimesubiri kuona kama kuna atakayetutaja.

Kabla ya msikiti na kanisa kufika kwetu, wazee wetu walimjua Mulungu, na mahali pa kumwomba palikuwa msituni, kaya. Hukati mti, huokoti hata kuni, huingii na fujo. Matokeo yake leo ukitazama pwani yote iliyofyekwa, vile visiwa vya miti mikubwa vilivyobaki vingi ni makaya. Dunia ilikuja kuyatambua mwaka 2008 kuwa urithi wa ulimwengu. Wazee waliyatambua zamani kwa sababu waliamini kuna Mwenyewe.

Na kule Marafa, yale makorongo mekundu na meupe ya Nyari, wazee husimulia kwamba palikuwa na boma la matajiri waliooga maziwa huku majirani wanakosa ya kunywa, na Mungu akalididimiza. Najua ni mvua na upepo vilivyoikata ile ardhi. Lakini aliyeisimulia mara ya kwanza aliitazama ile rangi akaona uchoyo. Hata hilo ni kumtambua Mungu, au sivyo?

Maalim wa Langoni

Ni kumtambua, ndugu yangu, na heshima ya wazee wako kwa miti ni somo kwetu sote tuliokata. Langu ni kuweka mpaka mmoja tu kwa upole: mti haupokei ibada. Pwani hii tunawajua watu wanaofunga vitambaa kwenye mibuyu na kupeleka ubani mapangoni wakiomba riziki. Kiumbe ni mja kama wewe. Surat al-Israa inasema hakuna kitu ila kinamsabihi Mola, sema hamfahamu tasbihi yake. Sasa utamwomba anayeswali safu moja nawe?

Mjukuu wa Kaya

Maalim, nimekuelewa, na wazee wa kaya waliomba kwa Mulungu, hawakuuomba mti. Hapo tuko pamoja kuliko watu wanavyodhani.

Kijana wa Vipimo

Nawaheshimu wote na sitaki kuharibu uzi. Lakini nimesomea mambo ya bahari na swali langu ni la kweli. Maji hujaa na kupwa kwa sababu mwezi na jua vinaivuta bahari. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, jua, mwezi na dunia vikikaa mstari mmoja, tunapata bamvua, maji yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi. Nusu ya mwezi tunapata maji mafu. Kila siku yanachelewa dakika 50 hivi kwa kuwa mwezi nao umesogea. Naweza kuwaandikia jedwali la mwaka 2050 hapa hapa. Na mikoko vilevile: iliyoshindwa na chumvi ilikufa, iliyoiweza ikazaa. Mungu anaingia wapi? Naona mnamweka pale msipopajua, na kila tukijua zaidi anasukumwa nje.

Mwanamikoko

Karibu sana, wala hujaharibu kitu. Angalia tena nilichoandika. Sikumweka Mungu pale nisipopajua. Jani la mchu linavyotoa chumvi ninalijua, mbegu inavyomea mtini ninaijua, na ndipo hapo nilipomtambua. Visiwa hivi vilikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja. Ukijifunza tundu kwa tundu jinsi mbao zilivyoungwa, fundi hapotei. Unazidi kumjua.

Na hilo jedwali lako la 2050 ndilo linalonishangaza kabisa. Kwamba linawezekana! Kwamba bahari yote hii, pamoja na ukali wake, haijavunja miadi.

Kijana wa Vipimo

Asante kwa jibu la heshima. Lakini mafundi wa mitepe watu waliwaona wakishona. Mfano hauvuki hapo.

Maalim wa Langoni

Kijana ana haki yake. Mimi nisingeanzia kwa fundi, ningeanzia kwa Nabii Ibrahim katika Surat al-An'am. Aliiona nyota, ikatua. Akaona mwezi, ukatua. Akaona jua, nalo ni kubwa zaidi, likatua. Neno lake lilikuwa kwamba hawapendi wanaotua. Hakusema ni vibaya, hakusema havina nuru. Alisema kinachotua hakiwezi kuwa ndicho cha kuegemea.

Sasa chukua maelezo yako. Maji yanategemea mwezi. Mwezi unategemea mvuto wa dunia, dunia inategemea jua, na jua lina mwanzo na mwisho. Umetuonyesha mnyororo mzuri kabisa wa vitu vinavyotua. Ukiongeza pingu mia nyingine kwenye mnyororo huo, bado kila pingu inaning'inia. Swali la Ibrahim ni juu ya mnyororo wote, na hilo darubini haiwezi kulipunguza wala kulizidisha. Ndiyo maana elimu yako haimtishi muumini. Isome, ifundishe watoto wetu.

Kijana wa Vipimo

Sijawahi kusikia likielezwa hivyo. Sijakubali, lakini nitalifikiri. Nami nilete changu kwa kuwa uzi unataka kitu: kereng'ende. Kuna aina moja, wale wa rangi ya manjano wanaojaa hapa wakati wa kaskazi. Wanavuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa India, kupitia Maldives, wakifuata upepo na mvua, na kwenye madimbwi ya mvua za huku wanazaa. Safari yote ya kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 14,000, na hakuna mmoja anayeimaliza. Mjukuu au kitukuu ndiye anayerudi mahali ambapo hajawahi kuwapo. Nikimwona mmoja ametua kwenye antena ya nyumba hapa Malindi, nasimama. Siiti jina lolote, ila nasimama.

Nahodha Mstaafu

Kusimama hivyo ni mwanzo mwema, mwanangu.

Mama wa Kiwayu

Nasoma tangu jana, sikutaka kuandika. Bahari hii mnayoisifu imemchukua ndugu yangu, kusi la Julai, yeye na chombo. Hatukumpata. Nikiona mtu ameandika Subhanallah chini ya picha ya mawimbi, nafunga simu. Mungu yupo, sina shaka na hilo. Kasa wanapanda kwetu kutaga, nawaona. Wanarudi kwenye fuo walizoanguliwa baada ya miaka ishirini na zaidi, wameongozwa kutoka mbali huko. Basi nauliza: anayemrudisha kasa, mbona ndugu yangu hakurudishwa?

Nahodha Mstaafu

Poleni sana mwanangu. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Nami wangu wamo humo. Mtu asikwambie kwamba ni funzo, wala asikwambie usilie. Mtume wetu aliwalilia wafu wake.

Maalim wa Langoni

Mama, pole kwa msiba. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba aliyekufa kwa kuzama ni shahidi. Sikupi hilo ili unyamaze. Nakupa kwa kuwa ni haki ya ndugu yako, itajwe anapotajwa.

Mwanamikoko

Dada yangu, swali lako ni kubwa kuliko uzi huu, na sitalifunika kwa maua ya mlilana. Desemba 2004 yale mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalivuka bahari yote mpaka fuo zetu hizi, na huko yalikopita na nguvu yake waliangamia watu zaidi ya laki mbili. Anayemtafuta Mola katika maumbile lazima ayatazame na hayo. Majina yake ni ya upole na ya nguvu, na bahari imebeba alama za yote mawili. Anayechagua machweo peke yake ameacha nusu.

Kwa hiyo siamini kwamba bahari ni mwema, wala kwamba ni mbaya. Bahari haimjui ndugu yako. Mola anamjua. Katika hiyo Surat al-An'am aliyoitaja Maalim, kabla kidogo ya kisa cha Ibrahim, imesemwa kwamba halianguki jani ila Yeye analijua. Mimi jani hilo ninaliona kila siku likianguka kwenye tope, hakuna mtu anayelihesabu. Sina zaidi ya hilo la kukupa, na sitaki kukupa nisichonacho.

Mwalimu wa Mida

Mama, na sisi huku tunakuombea. Ayubu naye aliuliza, na Mungu alipomjibu hakumpa sababu. Alimuonyesha bahari, nyota, kunguru, mbuzi wa mwituni. Kwa miaka mingi nimewaza kwa nini jibu la mtu aliyefiwa liwe ni wanyama. Sijapata maneno yake, lakini naona kwamba Mungu alikuja mwenyewe, hakutuma mtu.

Mama wa Kiwayu

Nimeisoma ile aya usiku. Kabla ya jani, imetaja kwamba anavijua vilivyomo bara na vilivyomo baharini. Vilivyomo baharini. Nimeirudia mpaka alfajiri. Ahsanteni. Mwanamikoko, siku ukija upande wetu uliza nyumba, nitakupeleka kwenye viota vya kasa.

Maalim wa Langoni

Nina ombi. Nina watoto wa chuo cha Qur'ani wanaohifadhi vizuri, lakini aya za maumbile wanazipita kama wanapita duka lililofungwa. Nataka niwatoe, wasome Surat al-Furqan na an-Nahl wakiwa ndani ya kinachotajwa. Mwanamikoko, utatupeleka? Na Kijana wa Vipimo, kama uko tayari kutoka Malindi, njoo uwaeleze bamvua. Sitakukatiza.

Kijana wa Vipimo

Nitakuja, Maalim. Nitaleta na jedwali.

Mwanamikoko

Ahlan wasahlan. Chagueni siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, maji yatapwa sana na tope litakuwa wazi. Tutavuka mapema maji yakianza kutoka, tusikwame ndani yakirudi. Watoto wavae viatu vya kufunga, makombe yaliyoshika mizizini yanakata vibaya. Kwenye maji ya magoti waburure miguu, wasimkanyage samaki taa. Maji ya kunywa wabebe wenyewe. Mbegu za mkoko zilizokomaa nitakuwa nimeshaziokota, kila mtoto apande yake, kisha ndipo wasome.

Msichana yeyote anayetaka kuja na aje, mimi na wenzangu wa kazini tutakuwapo.